Begi la Pinki la Lonnie Novosad

Lonnie Novosad alipokuwa na miaka ishirini na moja, wasaka vipaji, watu wazima wenye familia zao, walikuwa wakikaa nyuma ya wavu wa uwanja wa chuo kila Ijumaa, wameshika vifaa vya kupimia mwendo kama askari wa barabarani, na kila alipoachia mpira walitazamana. Maili tisini na nane kwa saa. Chuoni walimwita Radi. Magazeti yalisema mrushaji wa namna yake hupatikana mmoja katika kizazi. Mwandishi mmoja, ambaye baadaye aliacha habari za michezo akaenda kuuza bima, aliandika kwamba hakuna haja ya kuuliza kama Lonnie ataingia Ligi Kuu ya besiboli. La kuuliza ni sanamu yake itasimamishwa upande gani wa lango.

Kwao ni Praskov, Texas, mji wenye kanisa moja, kiwanda kimoja cha soseji na ng'ombe wengi kuliko wapiga kura. Waliandika kwenye tangi la maji la mji, kwa herufi za kimo cha mtu: NYUMBANI KWA LONNIE NOVOSAD. Miaka sita baadaye walilipiga rangi nyeupe wakaandika TAMASHA LA SOSEJI. Rangi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo jua likipiga upande wa magharibi jina la Lonnie lilikuwa bado linasomeka chini ya soseji. Mama yake aliliona kila akienda kanisani, na akaanza kupitia njia nyingine.

Kilichotokea katikati ni kiwiko. Kocha wake wa chuo, mcha Mungu wa kupigiwa mfano, alimrushisha Ijumaa, akampumzisha Jumamosi kwa sala, akamrushisha tena Jumapili. Alimwambia mkono ni misuli tu na misuli hukua kwa kutumika. Kiwiko si msuli. Kano ya kiwiko cha Lonnie ilikatika katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, katika mji ambao timu yake inaitwa Panya Buku, kwa mlio ambao mdakaji alidhani ni rungu la mpigaji limepasuka. Madaktari wakachomoa kano kwenye mkono wake wa kushoto, wakaishonea kwenye kiwiko cha kulia. Ikadumu miaka miwili, nayo ikakatika. Mara ya pili wakamwekea kano ya maiti.

"Huyo marehemu alikuwa anacheza?" aliuliza baba yake, Vernon, mfugaji mwenye shingo nyekundu na maswali machache.

"Hawakusema, baba."

"Wangeuliza japo upande. Isije ikawa alikuwa anatumia kushoto."

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikiita kiwiko kile Marehemu. Marehemu ameamkaje leo? Marehemu anauma mvua ikikaribia? Lonnie na Marehemu wakaanza kuzunguka ligi za chini pamoja. Ligi za chini za Marekani zina maradhi ya kuzipa timu majina ya viumbe ambao hakuna mtu mwenye akili angewafuga, na Lonnie alizipitia karibu zote. Alikuwa Panya Buku, akawa Kambamti Mwekundu, akawa Bata Mwenye Hasira, akafukuzwa na Bata, akaenda kubembeleza akachukuliwa na Nguchiro. Na mwendo wake ukaondoka maili moja moja, kama wageni wanaoaga kistaarabu. Kufikia miaka thelathini na mbili alikuwa na mke wa zamani huko Tulsa, nyonga mbovu, na mpira mmoja tu wa maana. Ulikuwa mpira mlegevu, wa aibu, uliopepesuka njiani na kumfikia mpigaji akiwa ameshamaliza kupiga. Watoto wa vyuoni wenye mikono ya chuma waliushangaa. Lonnie aliupenda, kwa sababu ule hakufundishwa na mtu.

Halafu, mwezi wa nane, mke wa mrushaji mmoja wa Waashi wa Louisville akashikwa na uchungu. Waashi ni timu ya Ligi Kuu. Sheria inampa baba mtarajiwa siku tatu za kwenda kushangaa mtoto, na timu inaruhusiwa kumpandisha mtu wa kuziba pengo. Wale vijana wa maana wa ligi za chini mmoja alikuwa na homa, mwingine alikuwa ametoka kurusha jana yake. Akabaki Lonnie.

"Siku tatu," alimwambia baba yake kwa simu. "Nikipanda kichuguuni nikarusha hata mpira mmoja, naandikwa. Nisiporusha, siandikwi popote."

Kila mpenzi wa besiboli anajua habari hiyo. Aliyepanda kichuguu cha udongo cha warushaji akarusha mpira mmoja katika Ligi Kuu ni mchezaji wa Ligi Kuu mpaka siku ya kiyama, jina lake limo kitabuni pamoja na miamba. Aliyekaa benchi na jezi mwilini asiitwe, huyo wana neno lake: mzimu. Hakuwahi kuwepo. Lonnie tayari alikuwa na marehemu mkononi na hakutaka kuongeza mzimu juu yake.

"Nakuja," alisema Vernon, akakata simu. Aliendesha gari kutoka Texas hadi Kentucky na bati la kolache pembeni yake, yale maandazi ya Kicheki yenye jamu katikati ambayo mama Lonnie anaamini yanatibu kila kitu isipokuwa kiwiko.

Siku ya kwanza kocha mkuu, Pruett, mzee mwenye uso wa mchungaji aliyehesabu sadaka akakuta vifungo vya shati, alimpa Lonnie mkono akamwonyesha kona. "Karibu Ligi Kuu, Novosad. Begi lile pale."

Lilikuwa begi la mgongoni la mtoto wa chekechea, la pinki ya kuumiza macho, lenye picha ya farasi mwenye pembe na mabawa. Warushaji wa akiba hawakai na wenzao. Wanakaa kule mbali nyuma ya ukuta, mahali panapoitwa zizi, wakingoja simu ya kocha. Anayebeba peremende, chingamu na mbegu za alizeti za zizi zima ni yule aliye mgeni kuliko wote Ligi Kuu. Hiyo ni desturi, na desturi haiulizi umri. Mwenye begi wa awali alikuwa kijana mwenye sharubu za kujaribia.

"Pole, babu," alisema, akimvalisha. "Na asante. Chingamu ya mdalasini ni ya kocha Batista, usimpe mtu mwingine, atakutafuna wewe."

Aliyekuja kumsalimu kwa heshima alikuwa Cade Hollister, mwenye miaka ishirini na miwili, mrushaji anayeanza mechi, mkono wa maili tisini na tisa. Magazeti yalikuwa yakisema mrushaji wa namna yake hupatikana mmoja katika kizazi.

"Kaka, nilikuwa na kadi yenye picha yako nikiwa shule ya msingi," alisema Hollister. "Nilidhani ulishakufa."

"Sehemu tu," alisema Lonnie.

Siku ya kwanza simu ya zizi haikumwita. Siku ya pili ilimwita mwenye sharubu, ikamwita jitu moja la kumalizia mechi, haikumwita Lonnie. Siku ya tatu, mchana wa jua kali, Waashi wakicheza na Omaha, Hollister akapanda kichuguuni na yule baba wa mtoto alikuwa ameshatua uwanja wa ndege wa Louisville akionyesha picha kwa watu asiowajua. Kesho asubuhi Lonnie angerudi kwa Nguchiro.

Kipindi cha tatu Lonnie alitaka kulivua begi.

"Usiliguse," alisema Efraín Batista, kocha wa zizi, mtu wa Jamhuri ya Dominika mwenye tumbo la heshima na rozari mfukoni.

"Nataka kulivua tu, kocha. Mgongo umelowa jasho."

"Umelivaa tangu kipindi cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi utalivaa."

"Mpaka lini?"

Batista hakujibu, kwa sababu kujibu kungekuwa kutaja. Lonnie akatazama ubao wa matokeo, akaelewa. Wapigaji wa Omaha walikuwa wamekwenda na kurudi na hakuna hata mmoja aliyepata kwa Hollister pigo safi la kumfikisha kituoni. Mrushaji akimaliza vipindi vyote tisa hivyo, hilo ni jambo la kuhadithia wajukuu, na njia ya kuliharibu ni moja tu nayo kila mtoto wa Marekani anaijua: kulitaja. Hutaji. Husogei ulipokaa. Humsemeshi mrushaji. Akirudi benchi wenzake wanamkimbia kama mwenye ukoma, anakaa peke yake na chupa ya maji.

Kufikia kipindi cha sita zizi lilikuwa limeganda. Kijana wa sharubu alikuwa amevua kiatu kimoja kutoa jiwe, na kiatu hakikurudi mguuni. Jitu la kumalizia lilikuwa na mbegu za alizeti shavuni ambazo halikuruhusiwa kutema wala kumeza. Lonnie alikuwa amebanwa na haja ndogo.

"Kocha, nakufa."

"Kufa umekaa hapo hapo."

Na kule juu, safu ya kwanza iliyo ukutani mwa zizi, alikaa Vernon na bati lake mapajani, hasogei, hapepesi macho. Hakuna aliyeishika desturi hiyo kama Vernon Novosad. Lonnie akiwa sekondari aliwahi kufika kipindi cha mwisho bila kupigwa, na wakati huo huo ghala la majani la Vernon likashika moto. Jirani alikuja mbio uwanjani akihema: Vernon, ghala linaungua! Vernon hakugeuza shingo. Alikaa pale pale, akitazama mchezo, moshi ukipanda nyuma ya miti ambapo kila mtu aliuona, mpaka mwanawe alipomaliza. Ghala liliteketea lote na trekta ndani. Mkewe hakumsemesha mpaka Krismasi, na Vernon alipoulizwa alisema angeinuka, mtoto angepigwa.

Kipindi cha saba kikapita, cha nane kikapita. Waashi walikuwa mbele kwa mkimbio mmoja tu, na Hollister alikuwa akirusha kama anayegombana na ukuta. Lonnie akajikuta anaomba kijana apigwe. Hakuomba kwa maneno, maana Batista angeyasikia hata moyoni, lakini aliomba. Pigo moja tu, dogo, la bahati, mpira uguse jani ugeuke. Hollister akimaliza mechi peke yake hakuna atakayeitwa kutoka zizini, na Lonnie Novosad hatakuwa amewahi kuwepo. Alimtazama yule kijana kule mbali, anayefanya kitu ambacho watu walikaa nyuma ya wavu wakisema Lonnie ndiye atakayekifanya, na akatamani kiharibike. Aibu ilimchoma masikio. Hakuacha kutamani.

Batista alikuwa anamtazama. "Najua unachowaza, Novosad."

"Nawaza choo, kocha."

"Hata mimi ningewaza choo hicho," alisema Batista kwa upole, akamgeuzia mgongo.

Kipindi cha tisa. Mpigaji wa kwanza wa Omaha akatolewa. Wamebaki wawili. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, na ulikuwa kimya kama kanisa wakati wa kuinua kikombe. Lonnie aliinua macho akakuta baba yake naye amesimama. Si wima tu kama wengine. Vernon alikuwa ametoka kwenye kiti chake, ameshuka mpaka kwenye ukuta, bati limebaki nyuma.

Lonnie akamfanyia ishara ya mkono: rudi, kaa. Vernon hakurudi. Walitazamana. Vernon akavua kofia yake, akafanya ishara ya msalaba kama mtu anayeingia maji ya baridi, akajaza kifua hewa.

"Hajapigwa!" alipaza sauti Vernon Novosad, kwa koo lililozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Mnasikia? Huyu kijana hajapigwa! Hajapigwa hata pigo moja mechi nzima!"

Sijui niseme kulitokea nini. Mama mmoja aliziba masikio ya mwanawe. Mtu mzima aliyevaa tai alilia "Hapana!" kama aliyeona ajali. Bia ya kwanza ilimpata Vernon begani, ya pili kisogoni. Batista alikaa chini taratibu, rozari ikatoka mfukoni yenyewe. Na kamera, ambazo hazina adabu, zikamweka Vernon kwenye ubao mkubwa wa uwanja, amelowa, kofia iliyoandikwa NOVOSAD mkononi, akiendelea kusema.

Mpira uliofuata ulipigwa. Haukupigwa vizuri. Ulikuna rungu, ukapaa kizembe, ukadondoka kwenye nyasi katikati ya watu watatu waliokuwa wanautazama, na mpigaji akafika kituo cha kwanza anacheka. Sauti iliyotoka kwa mashabiki Lonnie hakuwahi kuisikia na hatamani kuisikia tena. Hollister alisimama akitazama pale mpira ulipodondokea kwa muda mrefu mno. Kisha akarusha mipira minne iliyokwenda kila mahali isipokuwa panapotakiwa, na mpigaji mwingine akatembea bure hadi kituoni. Wawili vituoni, mmoja katolewa, mbele kwa mkimbio mmoja, na mkono wa kijana umekwisha.

Simu ya zizi ikalia.

"Nani amepasha misuli?" Sauti ya Pruett ilisikika hadi nje ya simu.

"Hakuna, bosi," alisema Batista.

"Hakuna vipi?"

"Ningewainuaje, bosi? Ningemwinua mtu arushe hata mpira mmoja wa kujipasha, dunia nzima ingejua tumeshamkatia tamaa kijana. Ungeniua."

Pruett alijua ni kweli, angemuua. Jitu la kumalizia lilihitaji mipira ishirini ndipo bega lifunguke, na lilikuwa limerusha siku mbili mfululizo. Mwenye sharubu alikuwa na kiatu kimoja. Vijana wale wa maili tisini na kitu, mikono yao kama mashine za dizeli asubuhi ya baridi, hawakuwa na faida kwa mtu mwenye haraka.

"Yupo Novosad," alisema Batista. "Yule hana kitu cha kupasha."

Lonnie aliinuka. Mlango wa zizi ukafunguliwa na akakimbia kwenye nyasi za Ligi Kuu, nyonga ikilalamika, na uwanja ulioanza kuzomea ukageuka kucheka. Alidhani wanamcheka kwa mbio zake. Alifika kichuguuni anahema ndipo mwamuzi akaweka mikono kiunoni.

"Unakwenda shule, bwana?"

Begi lilikuwa mgongoni. Lonnie alilivua, mbegu za alizeti zikamwagika kwenye udongo mtakatifu, na hakuna aliyejua la kufanya na begi la pinki katikati ya uwanja. Mwishowe Pruett, aliyekuja kumtoa Hollister, alilichukua, akalitupia begani.

Hollister alikuwa bado ameshika mpira. Macho yalikuwa mekundu.

"Yule mzee pale kwenye ubao ni baba yako?"

Lonnie angeweza kukana. Kulikuwa na akina Novosad wengine duniani.

"Ni baba yangu."

Hollister akaukandamiza mpira kwenye glovu ya Lonnie. "Basi malizieni wenyewe, ukoo mzima." Akashuka, na Pruett akamfuata na farasi mwenye mabawa akirukaruka mgongoni.

Lonnie alirusha mipira ya kujipasha inayoruhusiwa. Wachezaji wa Omaha waliitazama wakaanza kupigana viwiko, maana hawakuwa wameona kitu cha polepole namna ile tangu wafundishwe na mama zao. Mpigaji aliyekuja alikuwa mkubwa, mwenye mikono kama mapaja, na alikuwa anatabasamu. Mwamuzi akasema chezeni.

Marehemu, alisema Lonnie moyoni, moja tu. Baada ya hapa sikusumbui.

Akauachia. Mpira mlegevu ukaondoka ukipepesuka, hauna haraka, na kuanzia hapo hakuna mtu angeweza kuurudisha: Lonnie Novosad alikuwa mchezaji wa Ligi Kuu. Alipata nafasi ya kulifurahia hilo kwa kadiri ya mpira wake, yaani kwa muda mrefu kidogo. Lakini yule mpigaji hakuwa mjinga. Alingoja. Aliuacha ufike, aliuacha ukate pumzi, kisha akaupiga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, moja kwa moja ulikotoka.

Lonnie hakuuona. Alisikia tu mlio ule ule wa zamani, wa rungu kupasuka, na haukuwa wa rungu. Mpira ulimpiga kiwikoni, ukaruka juu, juu sana, ukazunguka kwenye jua, na mlinzi wa kati akauwahi kabla haujagusa chini. Huyo mpigaji nje. Yule mkimbiaji wa kituo cha pili alikuwa ameshaondoka zamani akielekea kituo cha mwisho kushangilia, na kwa kuwa mpira ukidakwa hewani mkimbiaji hutakiwa kurudi alikotoka, mlinzi akatembea, akakanyaga kituo kilichoachwa wazi. Huyo naye nje. Mechi imekwisha.

Mpira mmoja, watu wawili. Watu walikuja kumrukia Lonnie wakamkuta amelala chali kichuguuni ameshika mkono, analia na kucheka pamoja, akiwaomba tafadhali wasimkanyage na kama kuna mtu anajua choo kiko wapi.

Chumba cha daktari chini ya uwanja kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua. Hollister ndiye aliyeingia kwanza, amebeba mpira. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kwa jirani waliyegombana naye.

"Nimeandikiwa ushindi," alisema.

"Hongera."

"Usinipe hongera, nina hasira." Akauweka mpira kitandani, upande wa mkono mzima. "Ni wa kwako. Huu ndio ule." Alitazama kiwiko kilichofungwa barafu, akaangalia chake, akakishika kidogo bila kujua. "Kinauma?"

"Wewe wakikwambia urushe Jumapili, kataa," alisema Lonnie.

Kijana akaitikia kwa kichwa akaondoka.

Vernon aliletwa na askari wawili wa uwanja waliokuwa wamemfungia stoo kwa usalama wake mwenyewe. Alinuka bia kuanzia unyweleni mpaka kwenye buti, na chini ya kwapa alikuwa na bati la kolache, limebonyea. Hakusogea karibu. Alisimama akiizungusha kofia mkononi.

"Mfupa umevunjika?"

"Umevunjika, baba. Daktari anasema sirushi tena."

"Na Marehemu?"

"Kakatika. Ametangulia mara ya pili."

Vernon akainamisha kichwa kidogo, kama inavyopasa. Kisha akafungua bati, akaliweka kitandani, akakaa kwenye kiti cha chuma akitazama buti zake.

"Ulisema," alisema Lonnie.

"Nilisema."

"Uwanja mzima ulikusikia. Praskov nzima imekuona kwenye televisheni. Majirani zetu kina Kubena hawatakusalimu. Padri hatakusalimu."

"Najua."

"Wewe, baba. Wewe!"

Lonnie alitaka kumwambia kwamba naye alikuwa akiomba kitu kile kile kule chini, lakini akachukua kolache kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa ya tini, imelowa bia. Akaila yote.

"Siku ile ya ghala," alisema Vernon mwishowe, bila kuinua macho, "nilikaa."

Akaifuta kofia kwa kiganja, akaivaa.

"Leo nikaona kinachoungua ni wewe. Nikainuka."